Kaseti Iliyoota Jicho

Jamani, hebu acheni kwanza mnachofanya. Binamu yangu amerudi kutoka Uingereza na kidude alichookota kwenye soko la mitumba huko, akanitupia mkononi: "Wewe mpenda makorokoro, shika." Makorokoro! Ni Game Boy Camera, ya mwaka 1998, nyekundu, na tangu juzi sijalala sawasawa.

Kama ulikulia kwenye kile kigemu cha matofali cha miaka ya tisini, fikiria hivi: kaseti ya gemu ya Nintendo, ile ya kuchomeka nyuma ya mashine ya Game Boy, ila hii kichwani imeota jicho. Na jicho lenyewe linazunguka! Ligeuze mbele, unampiga mwenzako. Ligeuze kwako, unajipiga mwenyewe. Selfi, wakati ambao wengi wetu simu ya mkononi tuliiona kwa jirani tu.

Picha zake ni pikseli 128 kwa 112, kwa vivuli vinne: cheusi, cheupe, na kijivu cha aina mbili katikati. Ukizidisha unapata 14,336, wakati simu ya kawaida leo inatoa milioni 12 bila kutoka jasho. Na bado! Nilimpiga shangazi akiwa kibarazani anapeta mchele, jua la saa kumi likimwangukia ubavuni. Mikunjo ya khanga ikawa mistari kama ya mkeka, ungo ukabaki duara jeupe, na uso ukawa vidoti ambavyo ukivisogelea havisemi kitu. Sogeza mkono mbali kidogo: ni yeye mwenyewe, na ule mdomo wake unaojiandaa kukugombeza. Sina picha yake nzuri kuliko hiyo. (Ndani usijisumbue. Kamera hii inataka jua.)

Wala si mimi peke yangu niliyepagawa. Jalada la albamu ya Neil Young, Silver & Gold, ya mwaka 2000, ni picha ambayo binti yake aliipiga kwa kamera hii hii. Huko Leiden, Uholanzi, mwaka 2017, mwanafunzi wa elimu ya nyota aliifunga kwenye darubini ya zamani akaipiga sayari ya Mshtarii. Mshtarii, kwa kaseti ya gemu!

Nikadhani nimemaliza, kumbe humo humo ndani mna studio ya muziki, inaitwa Trippy-H. Unapanga sauti, unaongeza kasi, unapunguza, na kale kaspika kanalia kama nyuki waliofundishwa ngoma. Saa tano usiku nilikuwa bado napanga. Mtoto wa jirani alicheza nusu saa nzima, akaniuliza huyo msanii ni nani.

Na gemu zenyewe ni za ajabu. Unachukua sura ya mtu, unaibandika kwenye kiwiliwili cha mchezaji. Basi shangazi sasa anarusha mipira na kuidaka, na kwenye gemu nyingine anakimbizana na fuko na ndege. Alipojiona alisema tu, "Mimi huyu?" kisha akainyakua mashine, hakuirudisha mpaka magharibi. Halafu kuna ule ukorofi. Kwenye menyu ya kupiga picha kuna neno la kukimbia. Ukilichagua, linatokea sura la kutisha linakuuliza unamkimbia nani. Wallahi niliidondosha.

Kinachoniumiza roho ni nafasi. Inabeba picha 30, basi, na nilipoiwasha nilizikuta 30 za mwenyewe wa zamani. Mbwa kalala kwenye kapeti. Mtoto mwenye pengo. Bibi mmoja, au babu, sina hakika, amekaa dirishani. Kupiga yangu lazima nifute ya mtu. Nimefuta tano, zote za ukuta na kidole, na hapo mkono umegoma. Isitoshe, kumbukumbu yote inashikiliwa na kibetri kilichomo ndani ya kaseti. Siku kikifa, mbwa, mtoto na shangazi wanaondoka pamoja. Kwa hiyo kila jioni nazipiga moja moja kwenye skrini kwa simu.

Ilikuwa na printa yake pia, ya kutoa vipicha kwenye karatasi ya joto kama risiti ya EFD. Sijaipata. Kama ipo kwenye kabati lenu, niuzieni. Betri sita na karatasi nitanunua mwenyewe.