Kasi, Kumbukumbu na Jina: Dosari za Istilahi katika Kulinganisha Kadi za Michoro za Zamani

Hivi karibuni nililetewa jedwali moja nilipitie. Lilikuwa tafsiri ya Kiswahili ya mlinganisho wa kadi za michoro za kompyuta, zile za miaka ya nyuma ambazo sasa huuzwa kama mitumba, na lilikusudiwa kuwasaidia walimu na wasimamizi wa vituo vya vijana kutambua kadi ipi yafaa kwa michezo ya kompyuta. Sarufi yake haikuwa na kasoro. Upatanisho wa ngeli ulikuwa barabara, na mfasiri, ambaye sina haja ya kumtaja, alichagua vyema aliposema “kadi ya michoro” badala ya “kadi ya picha”, kwa kuwa kadi hiyo haitunzi picha bali huzichora, moja baada ya moja. Hata hivyo, fundi mmoja aliyelifuata jedwali hilo neno kwa neno alinunua kadi sita zisizofaa kitu. Naamini kosa halikuwa lake. Kosa lilikuwa katika istilahi.

Hebu tuanze na neno “kasi”. Katika jedwali lile, safu tatu mbalimbali zilipewa kichwa hicho kimoja. Ya kwanza ilihesabu megahezi, ya pili gigabaiti kwa sekunde, na ya tatu idadi ya picha zinazotokea kwenye skrini kila sekunde. Kwa Mswahili wa kawaida kasi ni kasi: mwenye nayo zaidi ndiye atangulia. Basi msomaji ataitazama safu ya kwanza, ataona namba kubwa, na atatoa fedha zake.

Matokeo yake ni haya. Kadi ya GeForce GTX 1060 ya gigabaiti 6, iliyotoka mwaka 2016, ina megahezi 1506 za msingi. GTX 1080 Ti, iliyotoka mwaka 2017, ina 1480. Kwa mujibu wa “kasi” ya jedwali letu, kadi ya kwanza yaishinda ya pili. Kumbe ya kwanza ina viini 1280 na ya pili ina viini 3584, wala hakuna mchezaji aliyewahi kuzitumia zote mbili atakayesita kusema ipi ni bora. Megahezi hazielezi kazi iliyofanyika. Zaeleza tu ni mara ngapi prosesa hupiga kwa sekunde. Wapiga makasia kumi wanaovuta polepole kidogo watampita mmoja avutaye kwa pupa. Lugha yetu inalo neno tayari kwa dhana hii, nalo ni “mapigo”, litumikalo kwa moyo na kwa ngoma. Sioni sababu ya kuliacha.

Safu ya pili ilistahili jina la “mkondo”. Hapa twazungumzia wingi wa data zinazopita baina ya prosesa na kumbukumbu kwa muda fulani, na mkondo, kama wa mto, waweza kuwa mpana au mwembamba hata kama maji ni yaleyale. Mfano ulio wazi ni GT 1030. Kadi hii ilitolewa mwaka 2017 ikiwa na kumbukumbu za aina ya GDDR5, na mkondo wake ulikuwa gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikatolewa nyingine yenye jina lilelile, viini 384 vilevile na gigabaiti 2 zilezile, ila kumbukumbu zake ni za aina ya DDR4 na mkondo ni gigabaiti 16.8 tu. Katika michezo mingi picha hupungua karibu nusu. Mnunuzi asiyeuliza habari za mkondo hana njia ya kuzitofautisha, na jedwali linaloita kila kitu “kasi” halimfundishi kuuliza.

Ama kuhusu “kumbukumbu”, hilo ni neno zuri lililokwisha kuzoeleka, wala sipendekezi liondolewe. Mtumishi wa serikali atakumbuka kumbukumbu za kikao, mwanafunzi wa kompyuta atakumbuka vingine, wote wataelewana. Tatizo ni kwamba neno hili humfanya msomaji afikirie ukubwa peke yake, kama apimaye ghala kwa magunia na kusahau kutazama mlango. Juu ya jambo hili ulimwengu umeshuhudia kesi. GTX 970 ilipotoka Septemba 2014 ilitangazwa kuwa na gigabaiti 4, nazo zilikuwamo, hakuna aliyeiba hata moja. Lakini Januari 2015 ilibainika kuwa gigabaiti 3.5 tu ndizo zilizofikiwa kwa mkondo mpana wa gigabaiti 196 kwa sekunde. Nusu iliyobaki ilifikiwa kwa mkondo wa gigabaiti 28. Mchezo ulipohitaji chumba kile cha mwisho, kadi iliweza kulemewa. Wanunuzi wa Marekani walifungua kesi ya pamoja, na mwaka 2016 kampuni ya Nvidia ilikubali kuwalipa dola 30 kwa kila kadi.

Msomaji wa jarida hili atakuwa ameona kiini cha mgogoro ule. Namba “4” ilikuwa kweli. Swali lilikuwa neno “gigabaiti”, lipokaa mbele ya neno “kumbukumbu”, lamwahidi nini mnunuzi: nafasi tu, au nafasi inayofikika kwa namna moja? Ni swali la istilahi hasa, la aina tunayojadili vikaoni kila siku, tofauti ikiwa ni kwamba mara hii lilikuwa na bei.

Mfasiri wetu alilifasiri tangazo kama alivyolikuta: “kumbukumbu: gigabaiti 4”. Yawezekana atajitetea kwamba mfasiri hapaswi kusahihisha matini ya asili. Nakubali. Lakini mlinganisho wa kadi za zamani si tangazo la mwuzaji. Lengo lake ni kumwonya mnunuzi, na maneno mawili tu, “mikondo miwili”, yangetosha katika safu ile.

Lipo jambo la tatu, nalo ni jina la kadi yenyewe. Mfasiri huliacha jina kama lilivyo, na hapana shaka afanya vyema. Walakini aliongeza katika utangulizi wake sentensi isemayo kwamba “namba kubwa zaidi huonyesha kadi iliyo bora zaidi”. Sentensi hiyo haikuwamo katika matini ya asili. Aliiongeza kwa nia njema, na ndiyo iliyoniudhi kuliko zote. Mwaka 2001 ilitoka GeForce3, kadi ya kwanza ya ukoo huo kuweza kuendesha programu ndogo za kukokotoa rangi ya kila nukta. Mwaka 2002 ikatoka GeForce4 MX, ambayo licha ya namba yake ilitokana na muundo wa GeForce2 na haikuwa na uwezo huo. Mchezo wa Deus Ex: Invisible War wa mwaka 2003 haukukubali kuendeshwa nayo, ilhali GeForce3 iliuendesha. Nne ilikuwa nyuma ya tatu! GTX 1060 nayo ni majina mawili ndani ya jina moja: ile ya gigabaiti 3 haikupunguziwa kumbukumbu tu, bali na viini pia, kutoka 1280 hadi 1152. Laiti mwanakamusi angeingiza vidahizo kwa mtindo huu, tungemwita mbele ya kamati siku ileile.

Sasa tuitazame safu ya mwisho, ya picha kwa sekunde, ambayo ndiyo mchezaji aijali hasa. Hapa istilahi ni sahihi na bado hukumu yaweza kukosea, kwa sababu jedwali lilitoa wastani peke yake. Chukua kadi inayotoa picha 50 kwa milisekunde 16 kila moja, kisha picha ya 51 ikachukua milisekunde 200. Sekunde imetimia, na hesabu yasema picha 51. Kadi ya pili yatoa picha 45 bila kuyumba, kila moja kwa milisekunde 22 hivi. Jedwali litaisifu ya kwanza. Jicho litaichagua ya pili. Scott Wasson wa The Tech Report aliliandikia makala jambo hili mwaka 2011, na tangu hapo walinganishaji makini hupima pia muda wa kila picha, na huweka kando wastani wa asilimia moja ya picha zilizochelewa kuliko zote. “Muda wa picha” basi na uingizwe jedwalini. Na ule mkwamo wa ghafla wauiteje? Mfasiri alisema “kigugumizi”. Mimi ningesema “kwikwi”, maana kigugumizi humshika msemaji katika kusema kwake, lakini kwikwi humjia mtu ghafla, ikapita, akaendelea kama kwamba hapakuwa na kitu. Walimu wawili niliowauliza walicheka, kisha mmoja akaniambia kwamba wanafunzi wake husema “inakata”. Huenda wao wamekwisha kutushinda.

Wapo watakaouliza kwa nini tujishughulishe na michezo ya vijana. Jibu langu ni fupi: vijana hao hununua kwa fedha, na maneno wanayonunulia tumewapa sisi.

Nililirudisha jedwali kwa mfasiri pamoja na maelezo haya, naye hakukasirika. Safu tatu za “kasi” sasa zaitwa mapigo, mkondo na picha kwa sekunde. Safu ya muda wa picha imeongezwa. Na mbele ya kila jina la kadi pamewekwa mwaka, idadi ya viini na aina ya kumbukumbu, ili GT 1030 mbili zisikae mstari mmoja. Sentensi ya utangulizi ameifuta. Kuhusu kwikwi bado tunaandikiana.