Vigelegele na Maombolezo: Akina Mama na Mashujaa katika Nyimbo Zetu

Kila ifikapo tarehe 25 Julai, Taifa letu huwakumbuka mashujaa wake. Penye mnara wa kumbukumbu huwekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, pamoja na mashada ya maua. Vifaa hivi vina maana yake, wala hatuna haja ya kuvibadili. Lakini mwenye kutazama kwa makini ataona kwamba vyote, isipokuwa maua, ni vifaa vya mapambano. Hakuna kinachotukumbusha mkono uliomlisha mpiganaji kabla hajaondoka, wala uliomfunga kidonda alipokwisha kurudi. Mkono huo aghalabu ulikuwa wa mwanamke, na sehemu aliyopewa mwanamke katika sherehe zetu za kitaifa ni kuimba na kupiga vigelegele.

Katika makala haya tunakusudia kuzipima nyimbo za vikundi vya akina mama ambavyo, kwa kujitolea, vimekuwa vikiwaaga askari, vikiwapokea na kuihimiza jamii kuipenda nchi. Hatukusudii kuzidharau. Nyimbo hizo zimefanya kazi kubwa, na baadhi yake zina ufundi wa kupendeza. Lakini kazi ya mhakiki ni kuuliza kama sanaa imesema kweli yote iliyopaswa kuisema. Maoni yetu ni kwamba nyimbo zetu za ushujaa zimesema nusu ya kweli: zimeushika ushindi, zikaiacha gharama yake, zimemshangilia askari siku ya kurudi, zikamwacha katika miaka iliyofuata.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba mwanamke si mgeni katika mapambano ya nchi hii. Katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, Mkomanile, mwanamke kiongozi wa Wangoni, alishiriki katika kuwaunganisha watu dhidi ya Wajerumani, na mwaka 1906 alinyongwa Songea pamoja na viongozi wengine. Nusu karne baadaye, mwaka 1955, TANU ilipoanzisha sehemu yake ya wanawake, Bibi Titi Mohamed alivitumia vikundi vya ngoma vya akina mama wa Dar es Salaam kuwa njia ya kueneza habari za chama. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi kilichoitwa Bomba. Vikundi vya lelemama na vinginevyo vilikuwa tayari vina viongozi, michango, sare na utaratibu wa kusaidiana. Siasa ilikuta nyumba imekwisha kujengwa. Umoja wa Wanawake ulipoundwa mwaka 1962, Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza, na mazoea hayo ya kuimba na kuchangiana yakaingia katika maisha ya Taifa zima.

Nyanda za Juu za Kusini nazo zina historia yake katika jambo hili. Mwanafunzi anayesoma Iyunga, pale Mbeya, karibu na barabara kuu iendayo Tunduma, huenda hafikiri kwamba nchi anayoikanyaga ilipitiwa na majeshi. Mwaka 1916 vikosi vya Waingereza chini ya Jenerali Northey viliingia kutoka Nyasaland, vikaitwaa Tukuyu, na mwezi Agosti vikafika Iringa. Nyuma ya bunduki walitembea wapagazi waliotolewa vijijini kwa nguvu, na nyuma ya wapagazi walibaki wanawake na mashamba, wakilima peke yao chakula ambacho majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yakikitafuta. Katika Vita Kuu ya Pili, Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini, na wengine wakafika hadi Burma. Vita vile havikuwa vyetu, lakini majeraha yalikuwa yetu.

Watu wa kusini waliyageuza mambo hayo kuwa sanaa. Katika pwani ya Ziwa Nyasa palizuka ngoma ya mganda, ambayo wanaume huicheza kwa mistari, kwa hatua za gwaride na kwa vyeo vya kijeshi. Akina mama hawakukubali kuwa watazamaji tu. Wao wana kioda, ngoma ya sare na mistari iliyonyooka. Kwa upande wa umbo, kioda ni kazi ya kustahili sifa. Wanawake ambao hawakupewa bunduki waliichukua nidhamu ya jeshi wakaifanya kuwa adabu ya kikundi chao. Hili ni funzo kubwa kwa wanaodhani kwamba sanaa ya jadi haibadiliki. Lakini umbo la jeshi lina hatari yake: gwaride humwonyesha askari mwenye miguu miwili. Ngoma inayojengwa juu ya hatua zilizolingana haina nafasi ya mtu anayechechemea.

Hatari hiyo ilionekana zaidi wakati wa Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia nchi yetu mwezi Oktoba 1978, wananchi walichanga fedha, ng'ombe na nafaka, na sanaa nayo ikaitwa vitani. Kwaya, vikundi vya ngoma na bendi za muziki wa dansi, zikiwemo bendi za majeshi yenyewe, zilisikika redioni mchana na usiku. Akina mama waliimba popote askari walipopita. Nyimbo za wakati ule zilikuwa na shabaha moja: kumtambulisha adui na kuutia moyo umma. Kwa shabaha hiyo zilifaulu. Kampala ilipoangushwa tarehe 11 Aprili 1979, hapakuwa na Mtanzania aliyeuliza vita vile vilikuwa vya nini.

Kasoro tunayoiona ni ya baadaye. Vita viliisha, lakini nyimbo hazikubadilika. Mwaka 1979 wananchi waliombwa wafunge mikanda kwa miezi 18, na miaka iliyofuata ikawa ya uhaba wa sukari, sabuni na nguo. Katika hali hiyo ndipo askari wengi walipopokelewa majumbani. Wako waliorudi bila kiungo. Wako walioamka usiku wakipiga kelele. Na wako ambao hawakurudi, wakabaki katika makaburi ya Kaboya, mkoani Kagera. Aliyemnawisha mlemavu asiyeweza kujinawisha alikuwa mke au mama. Aliyemweleza mtoto kwa nini baba hapendi mlango ufungwe kwa kishindo alikuwa yeye huyo. Sanaa ya hadhara haikumpa maneno ya kuyasema hayo. Ilimpa kigelegele, ambacho ni sauti isiyo na neno.

Maandishi yetu hayakusalimika na kasoro hiyo. Shaaban Robert, katika utenzi wake mrefu juu ya Vita Kuu ya Pili, alisimulia mapambano ya mataifa makubwa kwa upana ambao haukuwa na mfano katika Kiswahili cha wakati wake. Lakini upana huo wa dunia huufanya mlango wa nyumba moja uonekane mdogo sana. Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya Kinjeketile iliyotolewa mwaka 1969, alikwenda hatua mbele. Mchezo wake unafunguliwa na mazungumzo ya wanawake wawili, Bi. Kitunda na Bi. Bobali, juu ya njaa na shida za nyumbani. Hapa mwandishi ametambua kwamba vita huanzia jikoni kabla ya kufika uwanjani. Hata hivyo, mchezo unapofika mwisho, tunabaki gerezani pamoja na Kinjeketile na swali zito la maji. Waliotufungulia hadithi hatuambiwi wameibebaje. Hatusemi kwamba mwandishi amekosea. Tamthilia yake ina lengo lake. Tunasema kwamba aliuacha mlango wazi, na waliokuja baada yake wangeweza kuuingia.

Je, ni kweli kwamba utamaduni wetu hauna namna ya kuuweka ushujaa na uchungu mahali pamoja? La, hasha. Tuutazame mkoa wetu wenyewe. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe katika miaka ya 1930, walieleza jinsi mazishi yalivyokuwa yakifanyika. Wanawake walilia kwa sauti wakimzunguka maiti. Na katika uwanja huo huo wanaume walicheza ngoma ya vita, mikuki mkononi. Baadhi ya wanawake waliingia kati ya wachezaji. Kilio hakikuonwa kuwa aibu kwa mkuki, wala mkuki haukuonwa kuwa utovu wa adabu kwa kilio. Vyote viwili vilihitajika ili marehemu apewe haki yake na walio hai wapate nguvu ya kuendelea kuishi. Wazee wale walikuwa na kipimo cha sanaa kilicho kamili kuliko chetu cha leo.

Huenda msomaji akapinga: wimbo wa huzuni huvunja moyo, na taifa lililo hatarini halihitaji machozi. Hoja hii ina uzito wakati adui yu mpakani. Hatutaki mpiganaji aagwe kwa maombolezo. Lakini vita vya 1978 vilikwisha zamani, na kijana wa wakati ule leo ni mzee aliyepita miaka sitini. Kumwimbia nyimbo zile zile za kumtia moyo aende mbele ni kumsemesha mtu ambaye hayupo tena, na kumwacha bila salamu aliyekaa mbele yetu. Tena wimbo una nguvu ya kufundisha pasipo kukusudia. Watoto wakisikia daima juu ya shujaa mzima asiyeshindwa, wakikutana na mzee mlemavu mtaani hawatamtambua. Watadhani huyu ni mtu mwingine.

Jambo la ajabu ni kwamba akina mama wenyewe wanaijua kweli hii na wanaitenda. Katika mitaa ya Iyunga, kama katika mitaa mingine ya Mbeya na Iringa, wanawake huungana katika vikundi vya kuweka akiba, vya kufaana wakati wa ugonjwa na vya kuzikana. Askari mstaafu anapolala kitandani, au mjane wa askari anapokosa chakula, aghalabu wanaotangulia kubisha hodi ni wanawake wa namna hii, wakiwa na unga, kuni na fedha kidogo iliyochangwa. Hawasemi kwamba huo ni uzalendo. Wanasema ni ujirani. Kwetu sisi hakuna uzalendo ulio safi kuliko huo, kwa sababu hautazamwi na mtu. Basi kwa nini siku ya sherehe wanawake hao hao waimbe kana kwamba kazi yao pekee ni kushangilia?

Kwa hiyo tunawaomba walimu wa fasihi na historia wasiliache jambo hili. Wanafunzi wazikusanye nyimbo za vita kutoka kwa bibi zao, pamoja na zile ambazo haziimbwi hadharani, na wazichambue: nani anatajwa kwa jina, nani hatajwi, na wimbo unakoma wapi. Waende kwa adabu kwa wazee waliopigana na kwa wajane wao, wasikilize zaidi ya kuuliza, wala wasiandike jambo ambalo mwenyewe hakuliruhusu. Na wale wenye kipaji cha kutunga waandike tamthilia inayoanza siku ambayo nyimbo nyingi huishia: mgeni amekwisha kuingia ndani, majirani wameondoka, na mwanamke anauliza maji ya kuoga yawe ya moto kiasi gani ili yasikiumize kidonda.

Kigelegele kibaki, ni mali yetu, nacho kimewatia wengi nguvu. Lakini kipate mwenzake. Wimbo utakaomtaja shujaa pamoja na fimbo yake ya kutembelea, na pamoja na aliyemchongea fimbo hiyo, utakuwa wimbo wa Taifa lenye kuwajua watu wake.