Kocha Mwenye Jina Hupimwa Wapi

Ukitaka kumpima kocha wa ngumi mwenye jina, anza na kalenda yake. Juni 9, 2012, Freddie Roach alikuwa Las Vegas kwenye kona ya Manny Pacquiao, aliyepambana na Timothy Bradley. Juni 16 alikuwa El Paso, Texas, na Julio César Chávez Jr. dhidi ya Andy Lee. Julai 14 akarudi Las Vegas na Amir Khan, ambaye Danny Garcia alimwangusha raundi ya tatu na kummaliza ya nne. Mabondia watatu, mapambano makubwa matatu, wiki tano, kocha mmoja. Mwaka ule haukwisha kabla Khan hajahamia kwa Virgil Hunter.

Roach si kocha wa kubezwa. Waandishi wa ngumi wa Marekani wamemchagua kocha bora wa mwaka mara saba, na tuzo yenyewe imepewa jina la Eddie Futch, mzee aliyemfundisha Roach mwenyewe alipokuwa bondia. Khan alimfuata mwaka 2008, baada ya Breidis Prescott kumzimisha ndani ya dakika moja. Haukupita mwaka akawa bingwa wa dunia wa WBA kwa kumshinda Andreas Kotelnik kwa pointi: alikaa mbali, akapiga, akaondoka kabla hajajibiwa. Hiyo ni kazi ya kocha hasa. Lakini sifa iliyomvuta Khan hadi jimu ya Roach, Hollywood, ilikuwa ya Pacquiao, na Pacquiao ndiye aliyekuwa na haki ya kwanza juu ya saa za kocha. Kuna nyakati Khan alilazimika kufunga safari hadi Ufilipino ili afanye mazoezi na mwalimu wake mwenyewe.

Pambano alilopoteza kwa Lamont Peterson, Desemba 10, 2011, lilikuja wiki nne tu baada ya Pacquiao kukutana na Juan Manuel Márquez. Majaji wawili walimpa Peterson ushindi wa pointi moja, na Khan alikuwa amekatwa pointi mbili kwa kusukuma. Wapo wanaomlaumu mwamuzi hadi leo. Mimi naona kusukuma ni tabia inayoota jimuni, na huondolewa na kocha aliyepo pale kila siku, anayesimamisha sparingi na kusema hapana, rudia.

Kwa desturi ya mchezo huu kocha hula asilimia 10 ya malipo ya bondia. Ukilijua hilo, hutashangaa kwa nini mwenye jina ni mgumu wa kukataa mteja, wala kwa nini bondia wa nne kwenye orodha hushikiwa padi na msaidizi huku picha ya ukutani ikiwa ya bosi. Kwa hiyo orodha ya mabingwa aliowafundisha isikutie kiwewe. Uliza nani atashika padi miezi miwili kabla ya pambano, siku ambayo kamera hazipo.

Kipimo cha pili kimo kwenye mwili wa bondia. Emanuel Steward wa jimu ya Kronk, Detroit, alipata jina kwa Thomas Hearns, mtu mrefu mwembamba aliyekwenda mbele kutafuta KO. Alipomchukua Wladimir Klitschko mwaka 2004, angeweza kumgeuza Hearns wa uzito wa juu, na wapenzi wa vurugu wangefurahi. Pambano lao la kwanza pamoja walipigwa na Lamon Brewster. Steward akatulia, akamjengea Klitschko ngumi ya kushoto ya kunyoosha, akamfundisha kumkumbatia mpinzani akikaribia, na kumwachia mkono wa kulia pale tu njia ikiwa wazi. Sisi tunaoamka alfajiri kutazama ngumi tulipiga miayo. Klitschko alitwaa mkanda mwaka 2006 na akakaa bila kupigwa hadi Novemba 2015, miaka mitatu baada ya Steward kufariki. Kocha anayekuletea mabondia watano wenye mtindo mmoja anakuonyesha anachokijua yeye; hawatazami wao.

Sasa kona. Kati ya raundi na raundi kuna sekunde 60, na hapo ndipo sifa zote za magazetini huweza kukaguliwa bure. Kocha mzuri huachia zile za mwanzo kwa pumzi na maji. Huangalia macho kabla ya kufungua mdomo. Kisha husema jambo moja, pengine mawili, yanayoweza kufanyika na mtu aliyechoka: shusha kidevu, zungukia kulia kwako, usimsubiri. Hasemi hotuba. Namheshimu Teddy Atlas, lakini ile kona yake ya Aprili 1994, alipokalia kiti cha Michael Moorer na kumwuliza kama anataka wabadilishane nafasi, imewaharibu makocha wengi walioiga. Moorer aliamka kweli, akamshinda Evander Holyfield. Haikutimia miezi saba, George Foreman mwenye umri wa miaka 45 akamlaza raundi ya 10. Makaripio humwamsha bondia. Hayamwambii mkono wa kulia wa mpinzani unatokea wapi. Septemba mwaka huohuo Steward, akiwa upande wa Oliver McCall, alikuwa ameona Lennox Lewis akirusha mkono wa kulia hujiacha wazi. McCall alihitaji ngumi moja, raundi ya pili. Lewis alipozinduka na kutulia, alimwajiri Steward. Huyo alijua kupima.

Wala usidhani dawa ni kumkimbilia asiye na jina. Mike Tyson alipokwisha kuachana na kocha wake Kevin Rooney, aliingia ulingoni Tokyo, Februari 11, 1990, na kona ya watu wasio na majina, ambayo haikubeba hata kile chuma baridi cha kukandamizia uvimbe. Jicho lilipovimba walijaza maji ya barafu kwenye glovu ya mpira, wakalishikilia pale. Buster Douglas akammaliza raundi ya 10.

Kilichobaki ni ubavu wa kukataa, na hapa wenye majina huanguka zaidi, kwa sababu bondia tajiri ndiye anayewalisha. Kabla ya pambano la Chávez Jr. na Sergio Martínez, Septemba 2012, kamera za HBO zilimwonyesha Chávez akifanya mazoezi usiku wa manane kwenye nyumba aliyopanga, siku nyingine asitokee kabisa, na Roach akingoja. Raundi 11 alitandikwa. Ya 12 akamwangusha Martínez, muda ukamwishia.

Eddie Futch hakungoja mtu. Manila, Oktoba 1, 1975, Joe Frazier alitaka kuingia raundi ya 15 na Muhammad Ali huku jicho moja likiwa limefumba na lingine likiwa bovu tangu zamani. Futch akakatisha pambano, Frazier akibisha. Mark Breland alifanya vivyo hivyo Februari 2020, akatupa taulo raundi ya saba Tyson Fury alipokuwa akimwadhibu bondia wake Deontay Wilder, na Wilder akamfukuza. Nafasi ikachukuliwa na rafiki yake Malik Scott, ambaye Wilder mwenyewe aliwahi kumpiga KO raundi ya kwanza. Oktoba 9, 2021, Wilder na Fury walikutana mara ya tatu. Wilder alimwangusha Fury mara mbili, akaangushwa mara tatu, akaishia raundi ya 11. Ni pambano tamu, nimelirudia mara nyingi. Ukilitazama, mwache Fury kidogo, uangalie kona ya Wilder baada ya raundi ya 10.