Kalahari Isiyo na Wenyewe

Kuna vitabu unavipenda huku vinakuudhi. Kwangu, Cry of the Kalahari cha Mark na Delia Owens ni kimojawapo. Kilitoka mwaka 1984. Mimi nimekisoma juzijuzi tu, siku tatu mfululizo, mpaka chai ikapoa mezani.

Nianze na sifa, maana zipo. Vijana wawili wa Kimarekani wanauza vitu vyao kwa mnada, wanakwenda Botswana mwaka 1974, wananunua Land Rover kuukuu na kupiga kambi Deception Valley, ndani ya Hifadhi ya Kalahari ya Kati. Wanakaa miaka saba. Kurasa za fisi wa kahawia ndizo tamu kuliko zote. Fisi huyu huhangaikia chakula peke yake usiku, kwa hiyo ni rahisi kumdhania mpweke. Kumbe ukoo mzima una pango moja la watoto, na yatima hulishwa na ndugu. Waandishi hawakuhadithiwa, walimfuata wenyewe gizani. Halafu kuna nyumbu wanaokufa kwa kiu kwenye uzio uliojengwa kukinga ng'ombe na ugonjwa wa miguu na midomo. Hapo utasoma kwa hasira.

Sasa, watu wako wapi? Maelezo ya jalada yanauza mahali pasipo barabara wala watu. Ndani ya kitabu, simba Bones ana jina, tabia, na kifo cha kukuliza. Ukimwacha Mox, msaidizi wao wa kambini, mwenyeji gani mwingine unamkumbuka ukishakifunga?

Ni kweli bonde lile lilikuwa mbali na makazi ya watu. Lakini hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1961, baada ya utafiti wa George Silberbauer, ili pamoja na wanyama, Wasan nao waendelee kuwinda na kuchuma matunda na mizizi kwenye ardhi yao. Yaani watu walikuwa sababu ya hifadhi kuwepo! Mwaka 1997 na 2002 serikali ikawahamisha. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema walinyang'anywa ardhi yao isivyo halali. Hata kisima ilibidi wakipiganie: haki ya kuchimba maji Mothomelo waliipata Mahakama ya Rufani mwaka 2011.

Kitabu hiki hakikumfukuza mtu, nisieleweke vibaya. Ila kinamzoesha msomaji kuiona Kalahari kama pori tupu, na aliyeizoea hivyo hatashangaa akisikia watu wameondolewa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni kaja, kaandika vizuri, na mwenyeji hata hatukutambulishwa.

Kisomeni. Mkimaliza, itafuteni na hukumu ile ya 2006 muisome. Humo wenyeji wanasikika wakidai kwao.