Kabla ya Dodoso

Mwanafunzi aliingia na kurasa ishirini na mbili zilizobanwa kwa pini. Juu ya ukurasa wa kwanza palikuwa na kichwa kirefu: mchango wa wanawake wachakataji wa dagaa katika kuondoa umaskini kwenye jamii za mwambao wa Ziwa Victoria. Alimwamkia msimamizi wake, akaketi ukingoni mwa kiti. Mimi nilikuwa nimefika pale chuoni kwa shughuli nyingine, nikaambiwa nisubiri, na ninashukuru kwamba nilisubiri. Mwalimu hakufungua ukurasa wa pili. Alichukua penseli, akapiga mstari chini ya neno "mchango", kisha akauliza: "Unataka kujua nini, mwanangu?"

Binti akasema anataka kujua mchango wa wanawake.

"Mchango ni jibu. Umeshajibu tayari. Nipe swali."

Wakalitafuta swali hilo kwa zaidi ya saa nzima. Wanawake gani: wanaoanika, au wanaonunua magunia na kuyasafirisha? Wapi hapa Mwanza: Mwaloni Kirumba, ambako ni soko, au mialo ya Igombe na Kayenze, ambako mitumbwi inashusha? Umaskini utaupima kwa kitu gani unachoweza kukiona? Binti alikuwa anajibu, anafuta, anajibu tena. Mwalimu hakumpa neno hata moja la kuandika. Alikuwa anauliza tu, kwa upole, kama mtu anayemenya ndizi bila haraka. Mwishowe binti aliandika pembeni ya karatasi: mama anayeanika dagaa Igombe, mvua ikimharibia mzigo, fedha ya kununulia mzigo unaofuata anaitoa wapi?

Nililisoma swali lile likiwa kichwa chini, kutoka upande wangu wa meza, nikaona kwamba kazi kubwa imeshafanyika. Swali hilo lina pande mbili na zote ziko hai. Upande mmoja unahesabika: kina mama wangapi walipoteza mzigo msimu huu wa masika, wangapi walikopa, wangapi waliuza dagaa walioharibika kwa bei ya chakula cha kuku. Upande wa pili hauhesabiki kirahisi: anamwendea nani kwanza, anamweleza nini mumewe, mwenye mtumbwi anayempa dagaa wabichi kwa mkopo anataka nini kama malipo. Anayetafuta idadi peke yake hatajua lolote juu ya huyo mwenye mtumbwi. Anayetafuta simulizi peke yake hatajua kama amesikia habari ya mama mmoja au ya mwalo mzima.

Maswali ya kijamii katika mwambao huu yana ugumu mmoja ambao vitabu vya mbinu za utafiti havina namna ya kuufahamu, nao ni mwezi wa mbinguni. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta juu, wavu unawazoa. Mbalamwezi ikitanda, mwanga wa taa hupotea ndani ya mwanga mwingine, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi hupumzika ufukweni. Wavuvi wengi wa kambi hutumia siku hizo kurudi makwao. Mimi nilijifunza hili vibaya. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwanafunzi, nilipanga wiki moja ya kukusanya data mwaloni bila kutazama angani. Nikakuta chanja za kuanikia tupu, kina mama wanasukana nywele, nami nikajaza dodoso zangu zikionyesha kwamba wengi hawakuwa na kazi. Kila nambari niliyoiandika ilikuwa sahihi kwa wiki ile, na ripoti nzima ilikuwa ya uongo. Hakuna aliyenidanganya. Mpango wangu ndio ulionidanganya.

Kwa hiyo nilimtazama kwa makini sana yule mwalimu alipochora visanduku ishirini na tisa kwenye karatasi na kuvitia kivuli, vyeusi kwa usiku wa giza, vyeupe kwa siku za mbalamwezi. Akamwambia binti agawe ziara zake kwenye rangi zote mbili. Kisha akafungua dodoso, ukurasa wa kumi na tano, akaweka kidole kwenye swali la saba: "Kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi?"

"Mwezi upi?" akauliza.

Binti hakuelewa mara moja. Mimi pia ilinichukua muda. Lugha yetu ina neno moja kwa mwezi wa kalenda na mwezi wa angani, na mama wa mwaloni anaishi kwa ule wa pili. Ukimuuliza kipato cha mwezi, atakupa nambari kwa heshima, kwa sababu umemuuliza. Lakini hesabu zake hazipo hapo. Anajua alinunua ndoo ngapi za dagaa wabichi katika giza lililopita, kwa bei gani, na walipokauka alipata sado ngapi au magunia mangapi. Swali la saba likafutwa. Mahali pake yakaingia maswali manne mafupi ya ndoo, bei, sado na deni. Kuzigeuza ndoo na sado ziwe shilingi ni kazi ya mtafiti, nayo ataifanya jioni mezani kwake. Naliita hili adabu ya kitaaluma: kutombebesha mhojiwa mzigo wa hesabu zako.

Kuhusu sampuli nitasema kwa ufupi, ingawa ndiyo inayowatisha wanafunzi wengi. Kanuni ya Taro Yamane inajulikana vyuoni kote nchini: idadi ya watu gawanya kwa moja jumlisha idadi hiyo mara kipeo cha pili cha kosa unaloruhusu. Kwa kosa la asilimia 5, watu 400 wanakupa sampuli ya 200, na watu 100,000 wanakupa 399. Yaani watu wameongezeka mara 250, sampuli haijafika hata maradufu. Hesabu hiyo inapendeza, lakini ina sharti: kila mtu awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa, na hilo linahitaji orodha. Mwaloni orodha ya waanikaji ni nadra. Mwalimu akamwelekeza binti atengeneze yake mwenyewe. Atembee mwalo mzima asubuhi moja, ahesabu kila chanja na kila kipande cha mchanga chenye mwenyewe, aviwekee namba, aandike namba hizo kwenye vikaratasi, azichanganye kwenye kofia na kuchomoa. Hapo ndipo Yamane anapopata la kufanya. Bila hivyo, 200 ni idadi ya watu aliobahatika kukutana nao njiani.

Mwanza haihitaji kuazima mifano ya kupanga vizuri. Kati ya 1991 na 1994, vijijini mwa mkoa huu, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), shirika la AMREF na Chuo cha Afya na Tiba ya Kitropiki cha London waliuliza swali linaloingia kwenye sentensi moja: magonjwa ya zinaa yakitibiwa vizuri kwenye vituo vya kawaida vya afya, maambukizi mapya ya VVU yatapungua? Wakachagua jamii 12, wakazipanga jozi sita. Ya kisiwani ikalinganishwa na ya kisiwani, ya barabarani na ya barabarani, ya mwambao na ya mwambao. Katika kila jozi, bahati nasibu ikaamua ni ipi itakayopata huduma iliyoboreshwa. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya yalikuwa asilimia 1.2 upande wa huduma na asilimia 1.9 upande wa pili, pungufu kwa takriban asilimia 40. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 kwenye jarida la The Lancet na kusomwa dunia nzima. Mimi huyarudia kwa ajili ya zile jozi sita. Aliyezipanga alifahamu kwamba mvuvi wa kisiwani na mkulima wa bara hawaishi maisha mamoja, na alilijua hilo kabla ya kuchukua tone la kwanza la damu.

Kisha ukaja mradi wa MEMA kwa Vijana, na hapa ndipo ninapopenda kukaa. Mwaka 1998 waliandikishwa vijana 9,645 katika jamii 20 za mkoa huu. Katika nusu ya jamii hizo walifundishwa afya ya uzazi shuleni, na zahanati zikaandaliwa kuwapokea. Dodoso ziliwauliza mambo ya siri ya maisha yao. Vipimo vya maabara vikaonyesha kwamba majibu mengi hayakulingana na miili ya waliojibu: walikuwepo wasichana walioandika kwamba hawajawahi kujamiiana, na huku vipimo vikisema vingine. Mtafiti mvivu angewaita vijana hao waongo, akafunga faili. Wenzetu hawa walikuwa na njia ya pili. Kuanzia 1999 hadi 2002, watafiti walikwenda kuishi katika vijiji tisa, wakalima na wenyeji, wakachota maji, wakaenda minadani na ngomani. Ukijumlisha wiki za kila mmoja wao zinafika 158. Mwaka 2004 walichapisha ulinganisho wa njia tano za kukusanya habari, na hitimisho lao likawa wazi: kukaa na watu ndiko kulikofunua zaidi namna mambo yalivyo, na mazungumzo ya kina yaliwapa wasichana nafasi ya kusema ambayo dodoso haikuwapa.

Uelewa wa vijana waliofundishwa ulipanda, maambukizi ya VVU hayakushuka. Takwimu ndizo zilizotoa habari hiyo ngumu bila kumwonea mtu haya. Kuishi vijijini ndiko kulikoonyesha sababu, zikiwamo zawadi na fedha zinazotarajiwa katika mapenzi ya ujana, jambo ambalo Dkt. Joyce Wamoyi wa NIMR Mwanza ameendelea kulichunguza kwa miaka mingi. Hakuna upande uliokuwa pambo la mwenzake.

Nasema hivyo kwa sababu maandiko ya wanafunzi siku hizi yamejaa neno "mbinu mseto", na mengi hayasemi ipi inaanza na kwa nini. Mwalimu yule alimpa binti mpangilio unaoeleweka. Kwanza azungumze kwa kina na kina mama wanane, ili ajue majibu yanayowezekana: kikoba, mwenye mtumbwi, ndugu, mkopeshaji wa mtaani, kuuza mbuzi. Majibu hayo ndiyo yatakuwa chaguo kwenye dodoso, kwa maneno ya kina mama wenyewe. Kisha ahesabu. Kisha arudi kwa wachache ambao majibu yao yamekwenda kinyume na ya wengi, awasikilize tena. Wale wa mwisho, alisema, ndio wanaofundisha.

Hata neno "kaya" halikupita bila kukaguliwa. Kwa maofisa wa sensa, kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja. Kwa Msukuma, kaya ni mji mzima wa familia, na unaweza kuwa na nyumba kadhaa na majiko kadhaa. Ukiuliza "kaya yako ina watu wangapi?" pale Igombe, mama mmoja atakujibu watano na jirani yake kumi na wanane, na wote wawili wamesema kweli. Swali likageuzwa: jana usiku, watu wangapi walikula chakula kilichopikwa kwenye jiko lako?

Yalibaki mambo ya saa na heshima. Mitumbwi inashusha alfajiri, na mama akishanunua hana muda wa mtu mpaka dagaa wote watandazwe. Baada ya hapo, kabla ya kuwageuza, kuna nafasi ya kuzungumza. Barua ya chuo ipite kwa mkurugenzi wa manispaa, ishuke kwa mtendaji wa kata, wa mtaa, na viongozi wa kikundi cha usimamizi wa mwalo (BMU) wajue. "Ukifika msalimie kwa Kisukuma, mwangaluka, mayu, usubiri uitikiwe," mwalimu alimwambia. "Na akikuuliza hii itamsaidia nini, utamjibuje?"

Binti alifikiri kwa muda mrefu kuliko katika swali lolote la siku ile. Akasema atamwambia ukweli: haimpi mkopo wala mtaji, ila matokeo yakitoka atayaleta na kuyasoma mbele yao.

Mwalimu akafungua ukurasa wa mwisho, kwenye bajeti. Palikuwa na nauli ya kwenda, gharama ya kuchapa dodoso, gharama ya kujalidi. "Nauli ya kurudi kusoma matokeo iko wapi?" Haikuwepo. Binti akaiandika kwa mkono wake, chini kabisa, akaongeza na ya mtu wa kumsaidia kutafsiri Kisukuma.

Ninaviomba vyuo vyetu vya Mwanza na kwingineko viupe mstari huo wa nauli ya kurudi nafasi yake kwenye fomu ya andiko la utafiti, uchapwe kabisa, na msimamizi asiweke sahihi kabla haujajazwa.