Mwalimu na Mwanafunzi Mbishi: Uhakiki wa Kisa cha Rabi Yohanan na Resh Lakish

Makala haya yanahakiki kisa kifupi cha Talmudi ya Babeli, kilichomo katika sehemu iitwayo Bava Metzia. Huenda mtu akauliza: sisi wa Pajulu tuna nini na elimu ya Wayahudi? Hapa Uganda wapo Abayudaya wa Mbale, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Kakungulu alianza kwa kujisomea Biblia, kisha akafundishwa kwa miezi kadhaa na Myahudi mgeni aitwaye Yosef. Idi Amin, ambaye asili yake huhusishwa na Koboko yetu, aliipiga marufuku dini hiyo miaka ya 1970, lakini wazee hawakuacha kuwafunza vijana. Mwaka 2008 Gershom Sizomu, mzaliwa wa jamii hiyo, alipata urabi. Elimu hiyo, basi, huishi kwa mwalimu na mwanafunzi.

Kisa chenyewe ni hiki. Resh Lakish alikuwa mnyang'anyi. Rabi Yohanan alimvuta kwenye masomo, akamwoza dada yake, akamfanya mwanachuoni mkubwa. Siku moja walibishana: kisu huhesabika kuwa kimekamilika lini? Rabi alisema ni kinapotoka tanuruni. Mwanafunzi alisema ni baada ya kutiwa majini. Rabi akamjibu kwa kejeli kwamba mnyang'anyi lazima ajue zana zake. Resh Lakish aliumia, akaugua, akafa.

Wenzake walimpelekea Rabi mwanafunzi mwingine, Eleazar ben Pedat, aliyeunga mkono kila neno lake. Rabi hakufarijika. Alimkumbuka marehemu, ambaye kila hoja aliipinga mara 24, naye akalazimika kutoa majibu 24, na elimu ikapanuka. Alirarua nguo zake, akarukwa na akili, akafa.

Kifani, ufundi wa kisa umo katika taswira ya kisu. Mwalimu aliyemfua mwanafunzi wake ndiye anayemrudisha kwenye chuma chake cha zamani. Kimaudhui, kisa hakisifu utii. Eleazar ni mtiifu, lakini anamwacha mwalimu mpweke. Upungufu ninaouona ni mmoja: dada yake Rabi, aliyemlilia kaka yake amhurumie mumewe, hatajwi hata jina, na kilio chake kinapita haraka mno.

Kisa hiki kinatugusa moja kwa moja. Mtoto wa Pajulu huja darasani na Kiswahili alichookota katika soko la Arua, kwa wafanyabiashara wa Kongo au kwa majirani Wanubi. Husema "kitabu yangu". Mwalimu akimwambia, "Hicho ni Kiswahili cha jeshi", darasa hucheka, na mtoto hafungui kinywa tena. Nakiri kwamba maneno hayo nimewahi kuyasema mimi mwenyewe. Ni kejeli ile ile ya Rabi: badala ya kujibu hoja, unamkumbusha mtu alikotoka.

Lakini mwache mtoto huyo abishe. Atauliza: mbona tunasema "kitabu kimekuja" lakini "kifaru amekuja"? Utamjibu kwamba kifaru ni kiumbe hai. Atakurudia: na kifaru cha vita, je? Hapo utalazimika kueleza kwamba hicho "kimekuja", na darasa zima litakuwa limejifunza upatanisho wa kisarufi kuliko kwa kukariri jedwali la ngeli.

Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo wanafunzi watakuja kwa wingi, kila mmoja na Kiswahili chake. Tukiwatahayarisha, tutabaki na akina Eleazar, wanaoitikia "ndiyo, mwalimu" na kunyamaza. Tukiwajibu, lugha itapanuka, nasi pamoja nayo.