SDS100 Mkononi: Nausikia Umeme wa Texas Ukiongozwa kwa Mdomo

Jamani, hii redio! Skana yangu ya Uniden SDS100 imetoka kwenye boksi, kadi ya kumbukumbu imejaa, na tayari nasikia fundi wa laini akisoma namba ya swichi, tarakimu moja moja, bila mkwaruzo hata kidogo. Ukiwa Austin huku ukipenda redio na ukipenda umeme, sijui unasubiri nini.

Ninaowasikiliza ni LCRA, mamlaka ya Mto Colorado wa Texas, iliyoundwa na bunge la jimbo mwaka 1934. Inaendesha mabwawa sita, Buchanan hadi Tom Miller, ina nyaya za msongo mkubwa, na ina mfumo wake wa redio kwenye masafa ya megahezi 900. Mfumo wenyewe ni wa trankingi. Hakuna kundi la mafundi lenye chaneli yake ya kudumu. Ni kama kijiwe cha bodaboda: abiria hana pikipiki yake, aliye mbele kwenye foleni ndiye anambeba. Fundi akibonyeza kitufe, kompyuta ya mfumo inamgawia chaneli iliyo wazi, kisha chaneli ya udhibiti inawatangazia wenzake waende wapi. Skana ya kawaida hapo inaokota vipande vya maneno tu. Hii inaisoma chaneli ya udhibiti na kuruka pamoja nao!

Na kuipanga? Raha tupu. Zamani, mfumo huu ulipokuwa wa teknolojia ya EDACS, ulilazimika kuingiza kila masafa kwa mpangilio wa namba zake za chaneli. Ukikosea nafasi moja, skana inakupeleka kwenye mazungumzo ya watu wengine. Sasa ni wa kiwango cha dijitali cha P25. Unafungua programu ya Sentinel, unaunda orodha yako, unachagua aina ya mfumo, unaingiza masafa ya udhibiti ya mnara ulio karibu nawe, basi. Mengine skana inayapata yenyewe hewani. Kisha unaongeza namba za makundi ya mazungumzo na kuyapa majina. Kitu kimoja tu, tafadhali usikiruke: hakikisha aina ya huduma ya mashirika ya umeme na maji imewashwa. Ikiwa imezimwa, kila kitu kitakuwa sahihi na bado utakaa na ukimya.

Lakini utamu wenyewe uko ndani, kwenye kipokezi cha I/Q ambacho SDS100 ilikuja nacho mwaka 2018. Kuna mifumo ambayo minara kadhaa hurusha mawimbi yaleyale, kwa masafa yaleyale, wakati uleule. Mawimbi yanafika kwenye antena yakiwa yamepishana kidogo, na kwa skana za dijitali za kabla yake sauti ilikatikakatika hadi mtu anakata tamaa. Hapa yanasomwa vizuri na sauti inatoka nzima. Niwekee skana zote mezani, nitachukua hii.

Na sauti zenyewe! Chumba cha udhibiti kinatoa agizo la kufungua swichi, fundi analirudia, chumba kinathibitisha, ndipo mkono unagusa chuma. NERC, chombo kinachosimamia usalama wa gridi Amerika ya Kaskazini, kimeuweka utaratibu huo katika kanuni zake za kuendesha gridi kuu. Aliyekuwa Texas Februari 2021 anajua kwa nini utaratibu huo unanisisimua. Usiku ule wa baridi kali gridi ilishuka chini ya hezi 59.4 badala ya 60, na zilibaki dakika 4 na sekunde 37 mitambo mingi ianze kujizima yenyewe. Iliokolewa kwa mgao wa umeme, na kila mgao ni maagizo yanayotolewa na kutekelezwa na watu. Ukishawasikia wanavyosemezana, hutaitazama tena nguzo ya umeme vilevile.

Kasoro zipo. Inapata joto mkononi, betri haivumilii siku ndefu, na bei ni mamia ya dola. Kundi lililosimbwa halifunguki kwa skana yoyote, liache. Sheria ya shirikisho ya 1986 inaruhusu kusikiliza redio za kazi za aina hii zisizosimbwa, lakini simu za mkononi ni mwiko, na baadhi ya majimbo yana masharti yake kuhusu skana ndani ya gari.

Tafuta pia antena fupi ya 900. Robo ya wimbi ni sentimita 8 hivi, inaingia mfukoni. Halafu weka skana kwenye hali ya kutafuta namba ngeni za makundi. Hapo ndipo nilipo sasa: namba zisizo na jina zinapita kwenye kioo, na ninazitambua moja moja kwa masikio, huyu ni wa bwawani, yule ni wa kituo cha kupozea umeme, na hawa wanaotaja lango na futi za maji bado nawasikiliza.